Kilomita Tisa za Barabara ya Bondeni

Pini ilikuwa kwenye tundu la chini.

Binti aliinama akaitazama tena, akaifuta vumbi kwa kidole gumba. Usukani wa pikipiki ile ulikuwa na matundu matano ya kuupandisha na kuushusha, na mwenye pikipiki alikuwa mrefu wa kuinama kila mlangoni. Tangu siku ya kwanza pini yake haikuwahi kutoka tundu la juu kabisa. Leo ilikuwa chini kabisa. Aliyerekebishiwa usukani mara ya mwisho alikuwa mtu mfupi. Mfupi haswa.

Pikipiki yenyewe haikuwa ya kumringia mtu. Magurudumu kama sahani, injini kama birika, kiti cha kukalia mtu mmoja, naye asiwe na makuu. Sifa yake ilikuwa kukunjika. Ukivuta komeo la katikati, usukani unalala, kiti kinazama, magurudumu yanakutana, na kitu kizima kinaingia nyuma ya viti vya ndege ndogo kama panzi aliyekunja miguu. Ndiyo maana kiwanja kizima cha ndege waliiita Panzi. Rubani wake, ambaye watu walimwita Kapteni ingawa hakuwa na wa kumwamuru, aliibeba kila Jumanne alipopeleka dawa kule mbali, kwenye kiwanja cha majani ambako hakuna teksi wala wa kumwomba lifti. Ukishatua huko, ndege yako yenye mbio zote inakuwa kibanda cha bati tu. Miguu yako ni Panzi.

Binti alikuwa fundi wa turubai. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa karakana ya ndege. Humo alishona vifuniko vya vioo, viti vya marubani na mifuko ya kila namna. Na hiyo Panzi ndiyo iliyowakutanisha. Kapteni alikuja kutaka mfuko wa kuiwekea isije ikachafua viti, kisha akarudi mara nne kubadilisha kamba isiyokuwa na kasoro. Mara ya tano hakutaja kamba. Alisimama mlangoni, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Fundi, mimi nimeishiwa visingizio."

Hiyo ilikuwa miezi kumi iliyopita. Sasa Kapteni alikwishakwenda nyumbani kwao binti kuomba mke kwa heshima zote, na jibu lilitakiwa Alhamisi. Leo Jumatatu, na pini iko tundu la chini.

Akageukia mita. Ilikuwa desturi yake, kila Panzi ilipoletwa kukaguliwa mfuko, kuandika namba ya mita kwa chaki nyuma ya mlango, apate kujua ni baada ya mwendo gani kamba zinaanza kulika. Hakuwahi kuzisoma namba zile kwa jicho lingine. Leo alizisoma. Kutoka kiwanja cha majani mpaka zahanati ni kilomita mbili. Kapteni mwenyewe alimwambia. Kwenda na kurudi, nne. Lakini nyuma ya mlango, Jumanne sita mfululizo, Panzi ilikuwa imetembea kumi na nane kila safari. Na kumi na nane, ukiigawa kwenda na kurudi, ni tisa.

Kuna kitu kwenye kilomita ya tisa. Kitu kifupi.

*

"Nilisema mimi," mama yake alisema jioni ile, akichambua mchele kwenye sinia. "Nilisema, nikaambiwa nina roho mbaya."

"Mama, sijasema kitu. Nimekuuliza tu kama mtu anaweza—"

"Anaweza! Mwanamume mwenye gari, utaliona gari lake limeegeshwa mlangoni kwa nani. Mwenye baiskeli, utaona alama za matairi. Huyu wako anaruka, mwanangu. Akitua anakunjua usafiri mwingine kutoka tumboni mwa ule wa kwanza. Utamfuata na nini, na ungo?"

Binti akacheka bila kutaka. Mama yake hakucheka.

"Na kingine. Hana mtu. Baba kafa, mama kafa, shangazi aliyemlea kafa. Nikitaka kujua tabia zake nimuulize nani? Injini?"

"Uyatima si kosa, mama."

"Si kosa. Ila mtu mwenye mama, akikuudhi, unakwenda kwa mama yake unamwambia, bibi, mwanao huyu hapa, mtazame. Huyu nitampeleka kwa nani?" Akapuliza makapi. "Alhamisi nataka jibu lako, na nitalisimamia hata kama silipendi. Lakini uwe umeona kwa macho yako."

Lile la mwisho ndilo lililomkaa binti moyoni usiku mzima.

*

Asubuhi ya Jumanne alitokea kiwanjani amevaa viatu vya kamba, na begi dogo mgongoni.

"Leo nakwenda na wewe," alimwambia Kapteni.

Uso wa mwanamume ule uling'aa, halafu ukazimika, halafu ukang'aa tena, lakini kung'aa kwa mara ya pili kulikuwa kwa kulazimishwa. Binti aliyaona yote matatu. Mtu anayeshona turubai huzoea kuona mshono unapokwepa.

"Leo? Kwa nini leo?"

"Mwaka unakaribia, sijawahi hata kukaa kwenye kiti nilichokishona mwenyewe. Au kina mwenyewe?"

"Kina mwenyewe gani? Panda." Akakuna shingo. "Ila kuna suala la uzito."

Ndege ndogo haina adabu; hairuki mpaka ijue kilo zako. Mzee Spana, fundi mkuu wa karakana, alileta mizani, akaiweka chini mbele ya vijana wote wa zamu.

"Sema mwenyewe kwanza, binti yangu, tukufichie aibu."

"Sitini na nane."

Mzee Spana akatazama mizani, akatazama mbingu. "Viatu hivi vina kilo tano?"

Vijana wakaangua kicheko. Kapteni hakucheka. Alikuwa ameshika karatasi, anaandika na kufuta.

"Haitakubali," alisema. "Wewe, mimi, dawa, na mafuta ya kwenda na kurudi. Basi Panzi ibaki leo."

Binti akaweka mkono juu ya mfuko wa Panzi.

"Panzi ibaki? Zahanati tutafikaje?"

"Nesi atatuma mtu na baiskeli."

"Jumanne zote hizi nesi hakuwa na baiskeli. Leo kanunua?"

"Fundi, usinibane. Ni hesabu tu."

"Kama ni hesabu, mimi nimesoma mpaka darasa la saba, naiweza." Akageuka. "Mzee, lile sanduku la spana lililofungwa nyuma lina kilo ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Na Panzi?"

"Ishirini na mbili." Mzee Spana alikwishaelewa kwamba hapa pana jambo, akaanza kufungua kamba za sanduku huku akikwepa macho ya Kapteni. "Nilikwishasema sanduku hili linaruka bure. Hesabu imekubali, Kapteni. Tena umebakiwa na kilo tatu za maneno."

*

Angani hawasikizani watu mpaka wavae vile visikizio vya masikioni, na sauti ya mwenzio haitoki pembeni. Inakuingia kichwani moja kwa moja, karibu kuliko mto wa kulalia. Siku nyingine binti angeyeyuka. "Uko salama?" ile sauti ilimuuliza. "Ukiogopa, nishike mkono." Akamtazama kwa jicho la pembeni. Mikono mirefu, imetulia. Shingo ile aliyoipenda, yenye kovu dogo chini ya sikio. Akajiuliza ni nani mwingine aliyekwisha kukaa kiti hiki akasikia sauti hii, na machozi yakamjia, akayarudisha.

Alitumbukiza mkono nyuma ya kiti kutafuta maji. Vidole vyake vikagusa mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na mikate miwili, na juu ya mikate kitambaa cha kichwa, kipya, maua ya njano, kibandiko cha dukani bado kinaning'inia. Kapteni alijua kwamba yeye havai njano. Walikwisha kutaniana juu ya hilo mara ngapi.

"Kizuri," binti alisema.

"Nini?"

"Kitambaa."

Kapteni akagonga kioo cha mita ya mafuta kwa kidole.

"Cha nesi," alisema hatimaye.

"Nesi mfupi?"

"Wa kawaida. Kwa nini?"

"Hakuna."

Magurudumu yakagusa majani.

*

Kiwanja kile kilikuwa jani tupu, kifuko kimoja cha kuonyesha upepo, na mlinzi mmoja mwenye filimbi ya kufukuzia mbuzi. Kapteni alishusha Panzi, akaikunjua. Hairuhusiwi kuruka na petroli ndani ya pikipiki, harufu yake ni hatari. Kwa hiyo huimwaga kabla ya safari, akitua huchukua kidogo kutoka chini ya bawa la ndege, kikombe baada ya kikombe. Binti alimtazama akijaza. Alijaza vikombe vinne, akasita, akaongeza cha tano.

"Kwenda kilomita mbili tu unahitaji vyote hivyo?"

"Ni tahadhari."

Mlinzi akajongea, amefurahi kuona uso mpya. "Shikamoo Kapteni. Leo umekuja na mgeni! Sasa na kule bondeni atakwenda nani?"

"Bondeni wapi?" binti aliuliza upesi.

"Si kule anakokwenda kila wiki? Akishawapa dawa zahanati hashiki njia ya kurudi, anashuka na barabara. Mpaka jua liinamie huko ndipo namsikia. Mimi humwambia, Kapteni, huko bondeni kuna asali?"

"Bwana, mbuzi wako wameingia uwanjani," Kapteni alisema.

Hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Mlinzi akaangalia huku na huku, akaenda zake akijikuna.

Binti akasimama mbele ya mwanamume wake. Alikuwa na njia ya kuuliza swali mara moja tu, kama mtu anayekata kitambaa cha bei: pima vizuri, halafu kata.

"Nakuuliza, na nitakuuliza mara hii moja. Ukitoka zahanati unakwenda wapi?"

Kapteni akafungua mdomo. Macho yake yalimwangukia, yakamwomba, yakakimbia.

"Narudi," alisema.

Basi, imekatika. Binti akachukua mfuko wa karatasi wenye mikate na kitambaa, akautundika usukanini. Akapandisha pini tundu la tatu, akavuta kamba ya injini kama alivyoivuta mara mia pale karakanani.

"Unakwenda wapi? Fundi! Huijui njia!"

"Siijui. Panzi inaijua. Inahesabu vizuri kuliko wewe."

"Na boksi la dawa?"

"Una kichwa kizuri. Libebe."

*

Kilomita ya pili akaipita zahanati, mlango wa bluu, nesi mrefu kama mnazi akipunga mkono kwa Panzi halafu akabaki ameduwaa. Ya nne palikuwa na tanuri la matofali. Ya sita daraja la mbao, ikabidi ashuke aisukume. Vumbi lilimwingia puani, na hasira ilimpa moto mzuri. Alikuwa akipanga maneno. Atakayefungua mlango ataambiwa hivi, na hivi. Kitambaa chako hiki hapa. Mwanamume wako yuko kiwanjani, mfuate, nimekuachia na mikate.

Kwenye kilomita ya nane hasira ikamwishia ghafla, kama petroli. Akasimamisha pikipiki katikati ya barabara. Akirudi sasa, atakuwa na mashaka lakini atakuwa na mwanamume. Akiendelea, huenda asibaki na vyote viwili. Wanawake wangapi wamegeuza hapa, kwenye nane, wakaishi maisha marefu, wakazaa, wakazeeka, hawajui kilichoko kwenye tisa? Alimkumbuka mama yake akipuliza makapi. Akavuta kamba.

Tisa ilikuwa nyumba ndogo ya matofali, bati jekundu, ua uliofagiwa. Na katika ua ule, akaona kwa macho yake, alama za magurudumu membamba zimezunguka, zimezunguka, kama mtu aliyekuwa akijifunza.

Mtu alitoka mbio aliposikia injini. Mfupi, kweli. Kichwa chake kingemfikia binti begani. Lakini nywele zilikuwa nyeupe, na mdomo ulikuwa tayari unacheka, una mapengo mawili.

"Leo umewahi, ba—"

Bibi yule akamwona. Akaitazama Panzi, akamtazama mgeni aliyekuwa juu yake, akatazama barabara nyuma yake, tupu. Kicheko kikamtoka usoni kama maji yaliyomwagwa. Akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Ameanguka," alisema kwa sauti ndogo. "Ndege imeanguka. Mmeniletea pikipiki yake. Mwanangu amekufa."

Yale maneno yote aliyoyapanga binti yakapotea. Akaitupa Panzi, akapiga magoti.

"Hajafa, mama! Ni mzima! Nimemwacha kiwanjani, mzima kabisa, nimemnyang'anya tu pikipiki!"

"Umemnyang'anya?"

"Tumegombana."

Bibi akamshika uso kwa viganja viwili vikavu, akamsoma kama mtu asomaye barua. Halafu akaanza kulia na kucheka pamoja.

"Basi ni wewe," alisema. "Fundi wa turubai. Hasira kama pilipili. Ni wewe."

Na binti, angali amepiga magoti, akawa na wazo moja tu linalomzunguka kichwani: aliniambia wewe ndiye uliyekufa.

*

Walikunywa chai ya rangi na ule mkate. Bibi hakujipamba kwa maneno.

"Nilimwacha ana miaka mitano," alisema. "Nilimfuata mwanamume. Nilisema nitarudi baada ya mwezi. Shangazi yake akamwambia mama yako amekufa, na mimi simlaumu, mtoto hulala vizuri zaidi kwa mama aliyekufa kuliko kwa mama aliyekimbia. Mwaka huu nilikwenda zahanati kuchukua dawa ya presha, nikaona watu wamezunguka mtu anakunjua pikipiki. Nikaona lile kovu chini ya sikio. Lile nalijua. Alianguka kwenye ngazi, nilikuwepo. Nikamwambia mimi ni nani na ninakaa wapi."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Akaondoka. Wiki iliyofuata akaja na mkate, akauweka mlangoni, akaondoka. Ya tatu akaketi. Sasa ananifundisha pikipiki. Kuniita mama bado." Akakunja kile kitambaa cha njano mapajani, akakikunjua. "Na wewe anakutaja kila wiki. Nikamwambia niletee nimwone. Akasema, nilikwishawaambia kwao huna uhai."

Kapteni alifika jua likiwa utosini. Alikuwa ametembea kilomita zote tisa, mbili za kwanza na boksi kichwani. Shati jeupe limekuwa rangi ya barabara, kiatu kimoja kimefumuka. Aliwaona wawili wameketi mlangoni na vikombe, akasimama kwenye uzio kama mtu aliyefika mahakamani bila wakili.

"Ingia," binti alisema. "Kwenu hapa."

"Naomba nieleze."

"Nesi mfupi nimemwona. Mzuri sana, ila ana mvi."

"Fundi..."

"Sikudhani nitasema hivi, lakini afadhali ungekuwa na mwanamke mwingine. Hilo ningelijua namna ya kulilia. Wewe umekaa kwenye kiti cha mama yangu, ukanywa maji ya mama yangu, akakupa pole ya msiba. Ukaipokea! Ukasema asante!"

"Nilikuwa nimeshasema hivyo miaka thelathini," Kapteni alisema. "Shuleni, kazini, kwenye kila fomu. Alipotokea, wewe ulikuwa umeshaniamini. Mtu ukishamzika kwa mdomo, unamfufua vipi? Unaanza kwa neno gani? Niliogopa mama yako atasema, kama huyu anaweza kuua mamake, ataua nini kingine."

"Atasema. Tena kwa maneno makali zaidi ya hayo."

"Na wewe?"

Binti aliyatazama yale macho aliyoyapenda, yamejaa vumbi na woga, na safari hii hayakukimbia. Alitamani kunyanyuka amfute uso. Akajizuia, akakaza kikombe mkononi.

"Huyu ni nani?" aliuliza, akimwonyesha bibi.

"Unamjua."

"Simjui. Nimekutana naye leo. Mimi ni mgeni, nitambulishe."

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu maua kwenye kitambaa. Kapteni akasogea hatua moja.

"Ni mama yangu," alisema.

Mabega ya bibi yakatikisika. Hakuinua uso.

"Alhamisi," binti alisema, "utasema hivyohivyo mbele ya mama yangu. Utakuja naye, atakaa, na utaeleza kwa mdomo uleule uliomzika. Usipokuja naye, usije."

"Nikija naye, nitapata jibu?"

Binti akaweka kikombe chini. Akamgeukia bibi, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, mwanao ameniomba jibu na jibu ninalo, lakini nalitoa kwako. Kuwa mkweo nimekubali leo hii, bila masharti. Kuwa mke wa huyu, nitamsikiliza kwanza Alhamisi."

Kapteni akafungua mdomo. Bibi, machozi bado yanamtiririka, akamwinulia kidole kimoja, kwa haki ambayo hakuwa ameitumia kwa miaka thelathini.

"Nyamaza wewe," alisema. "Hujaulizwa."